Puto la Unguja na Upepo wa Pemba

Mwaka jana tulipokutana kwa mkutano wetu wa kila mwaka, baada ya pilau na kabla ya dua ya kufungia, alisimama mwenzetu mmoja ambaye siku zetu za skuli alikuwa bingwa wa kurusha tiara. Sasa ana nyumba ya wageni kaskazini ya kisiwa. Alitueleza azma yake ya kuleta Pemba puto la hewa ya moto, la kuwachukua watalii alfajiri wakaitazame mikarafuu, mabonde ya mpunga na visiwa vidogo vya magharibi kutoka juu. Alikuwa na picha za maputo ya Serengeti, alikuwa na hesabu zake za fedha zimepangwa vizuri, na alikuwa na hoja ya historia, ambayo ndiyo iliyotuvuta wengi. Alisema kwamba mwaka 1962 puto lilipaa kutoka Unguja likavuka bahari mpaka bara salama salimini, na kwa hivyo yeye hazushi jambo jipya, bali anarejesha nyumbani kilicho chetu. Tulipiga makofi. Nami nilipiga, tena kwa nguvu.

Kwa kuwa nilisoma historia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kwa kuwa kazi yangu serikalini ni kusoma majalada na kuandika barua za watu wengine, niliombwa niiandike habari ya puto lile ipate kuchapwa katika gazeti letu hili, kisha iambatanishwe na maombi ya mwenzetu. Nimeiandika. Lakini nakiri mapema kwamba haikutoka kama ilivyoagizwa, naye nimempa aisome kabla ya kumkabidhi mhariri.

Habari yenyewe ilianza kitabuni kabla ya kuanza angani. Mwaka 1863 Mfaransa Jules Verne alichapisha riwaya juu ya wasafiri watatu waliolivuka bara la Afrika kwa puto katika muda wa wiki tano. Verne hakupata kutia mguu Zanzibar. Alisoma maandiko ya kina Burton na Speke, akaketi mezani kwake Ufaransa, akaunda safari. Katika riwaya hiyo meli iitwayo Resolute inatia nanga bandarini Unguja tarehe 15 Aprili 1862, na siku tatu baadaye Daktari Fergusson na wenzake wanapaa kwa puto lililopewa jina la Victoria. Wenyeji wa mji anawaeleza kuwa ni watu waliotaka kulizuia puto kwa kudhani kwamba wageni wanakwenda kulidhuru jua na mwezi, hata ikabidi puto lihamishiwe kisiwa kidogo karibu na bandari. Hapo kila Mzanzibari anayo haki ya kutabasamu. Mji ambao kila mwaka ulipokea majahazi ya Maskati na ya Bara Hindi, yakiongozwa na manahodha waliokwenda kwa nyota, ndio ulioambiwa kuwa hauelewi jua ni nini!

Lakini mimi kilichonikaa moyoni ni ile tarehe. Aprili kwetu ni wakati ambao kaskazi imekwisha nguvu, kusi haijashika, na masika imefunguka. Babu yangu mzaa mama alikuwa baharia wa jahazi baina ya Mkoani na Tanga, na kwake hayo yalikuwa maleleji, siku ambazo upepo haujui utokako wala uendako. Siku kama hizo jahazi lilipandishwa pwani likatiwa kalafati, na baharia akalala kwake. Verne aliuhesabu upepo kama mtu anayehesabu gari la abiria, kwamba utafika kwa saa yake na utampeleka magharibi. Na hata katika riwaya, ambamo mwandishi ana uwezo wa kuuamuru upepo apendavyo, mwisho wake Victoria halikutua vyema. Wasafiri walikwisha kukata kikapu chao ili kupunguza uzito, wakawa wananing'inia katika wavu wa puto, nalo likaanguka katika mto Senegal na kuchukuliwa na maporomoko ya maji. Waliokolewa na askari waliotokea kuwapo pale. Naomba msomaji aikumbuke nukta hiyo ya kuokolewa, maana nitairudia.

Tukiacha hadithi tukaja kwenye mambo yaliyotokea kweli, binadamu wa kwanza kupaa kwa puto lisilofungwa kamba walikuwa Wafaransa wawili, Pilâtre de Rozier na d'Arlandes, mjini Paris tarehe 21 Novemba 1783. Wakati huo kupaa kulionekana ndiyo kazi yote. Mara tu wakaja waliotaka kuvuka bahari. Tarehe 7 Januari 1785 Mfaransa Blanchard na Daktari Jeffries walivuka mlango wa bahari baina ya Uingereza na Ufaransa. Njiani puto lilishuka hata likakaribia kugusa maji, wakatupa kila walichokuwa nacho, mwishowe wakavua na nguo zao za nje wakazitupa, na ndivyo walivyofika Ufaransa, wakitetemeka kwa baridi, wakatua juu ya miti. Miezi mitano baadaye, tarehe 15 Juni, Pilâtre mwenyewe alijaribu kuvuka kutoka upande wa pili. Upepo ulimpeleka baharini kidogo, kisha ukageuka ukamrudisha nchi kavu, puto likaharibika angani, akaanguka yeye na mwenzake Romain wakafa. Mtu wa kwanza kupaa akawa miongoni mwa wa kwanza kufa kwa ajali ya chombo cha angani. Na chanzo chake hasa kilikuwa bahari nyembamba na upepo uliobadili nia.

Sasa niingie katika lile puto letu. Mwanzoni mwa mwaka 1962, wiki chache tu baada ya Tanganyika kupata uhuru, na Zanzibar ingali chini ya ulinzi wa Waingereza, Mwingereza mmoja aitwaye Anthony Smith alifika Unguja na puto aliloliita Jambo. Smith alisomea elimu ya wanyama Oxford, alipata kuwa rubani katika jeshi la anga, na safari yake iligharimiwa na gazeti la Sunday Telegraph la London. Pamoja naye walikuwamo Douglas Botting, mwandishi na mpiga picha, na kijana wa Kenya aliyekuwa akipiga filamu za wanyama, Alan Root. Nia yao ilikuwa kuwatazama wanyama wa mbugani kutoka juu bila ya kuwashtua kwa mngurumo wa injini, lakini kwa sababu ya Verne, na kwa kuwa miaka mia ilikuwa imetimia tangu ile tarehe ya riwaya, waliona safari hiyo haina budi kuanzia Unguja.

Basi wakapaa, wakavuka, wakafika bara ya Tanganyika. Baadaye puto hilohilo lilipita juu ya bonde la Ngorongoro. Smith aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1963, alichokiita "Throw Out Two Hands", yaani tupa mikono miwili, kwa maana ya vitanga viwili vya mchanga. Maneno hayo machache yanaeleza siri yote ya safari ile, na ndipo hoja ya mwenzetu ilipoanza kunilegea mkononi.

Puto la Smith halikuwa la hewa ya moto. Lilikuwa la gesi ya haidrojeni, ambayo ni nyepesi kwa asili yake, haihitaji moto wa kuipasha, na huweza kulishika puto angani kwa saa nyingi. Rubani wake huchukua mifuko ya mchanga. Akitaka kupanda hutupa mchanga kidogo, akitaka kushuka hufungua kilango cha juu akatoa gesi kidogo. Puto la hewa ya moto la siku hizi, lile lililo katika picha za mwenzetu, ni chombo kingine. Lilianza kwa Mmarekani Ed Yost, aliyelirusha tarehe 22 Oktoba 1960 katika jimbo la Nebraska kwa jiko la gesi ya propeni. Mitungi yake huchukuliwa kwa kiasi, na safari ya watalii aghalabu ni saa moja tu. Gesi ikikaribia kwisha, rubani hana hiari: hana budi kutua, pawe pazuri au pawe pabaya. Kwa hivyo kusema kwamba puto lilivuka mwaka 1962, basi na hili litaweza, ni sawa na kusema kwamba jahazi lilifika Maskati, kwa hivyo na ngalawa itafika.

La pili ni msimu. Smith alipaa wakati wa kaskazi, na kaskazi katika nguvu zake ni upepo mwaminifu kuliko pepo zetu zote. Hutoka kaskazini mashariki ukaenda kusini magharibi. Mwenye kupaa Unguja mjini wakati huo anasukumwa kuelekea pwani ya bara, na mlango wa bahari hapo si mpana, yapata kilomita 40. Mbele yake pana pwani ndefu ambayo ni vigumu kuikosa. Kwa lugha ya manahodha, upepo ulikuwa wa tanga. Yaani kabla hajapaa alikwisha kujua upande atakaotua. Nimewauliza wavuvi wetu wazee jambo hili bila ya kuwatajia puto. Niliwauliza tu kwamba kitu kikielea kutoka Unguja mwezi wa Januari kitakwenda wapi. Walinijibu bila ya kufikiri.

Alan Root ndiye aliyeifanya habari hii kuwa biashara. Aligeukia maputo ya hewa ya moto, mwaka 1974 yeye na mkewe Joan wakapita kwa puto juu ya Kilimanjaro, na mwaka 1976 zikaanza safari za watalii huko Maasai Mara, katika hoteli ya Keekorok. Serengeti ilifuata mwaka 1989. Msomaji atazame alikochagua Root, ingawa alikuwa amekwisha kuonja upepo wa Unguja: hakurudi pwani. Alikwenda mbugani, kwenye nyika tambarare ambako puto likishuka popote linakuta majani mafupi, na ambako gari huweza kulifuata chini kwa chini tangu linapopaa mpaka linapolala.

Maana shida ya puto, ndugu zangu, si kupaa. Puto halina usukani. Rubani anaweza kupanda na kushuka tu, na ujuzi wake wote ni kutafuta tabaka ya hewa inayokwenda upande aupendao, kwani upepo wa juu na wa chini mara nyingi haulingani. Puto likiwa angani abiria hasikii upepo hata kidogo, kwa sababu anakwenda nao. Mshumaa huweza kuwaka. Raha hiyo ndiyo inayomdanganya, kwa kuwa anapogusa ardhi ndipo anapoujua upepo ulikuwa na kasi gani. Kikapu husimama ghafula, mfuko wa juu unataka kuendelea na safari. Hewa iliyomo ndani ya puto la mita za ujazo 8,000 ina uzito wa zaidi ya tani 7, ingawa macho huliona ni kitu chepesi kama pamba. Kitu cha tani 7 kinachosukumwa na upepo hakizuiliwi na watu wanne walioshika kamba. Rubani huvuta kamba ya kufungua tundu la juu ili hewa itoke, na mpaka itoke, kikapu huburutwa ubavu kwa ubavu. Ndiyo maana abiria hufundishwa kabla ya kupaa kukaa migongo yao ikiuelekea upande puto linakokwenda, magoti wameyakunja, mikono imeshika vishikio vya ndani. Aghalabu ya majeraha ya puto ni ya dakika hiyo moja: miguu, vifundo, migongo. Tena upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kishindo haiongezeki mara mbili bali mara nne. Kwa sababu hiyo marubani waangalifu hawapai upepo wa chini unapopita yapata kilomita 18 kwa saa, na hupaa alfajiri, kabla jua halijaichemsha ardhi na kuifanya hewa irukeruke.

Nimesoma habari za ajali kadhaa, na naomba radhi kuwa nitazitaja katika gazeti la furaha. Huko Carterton, New Zealand, tarehe 7 Januari 2012, puto lilikuwa likitafuta pa kutua asubuhi tulivu, likagusa nyaya za umeme, watu wote 11 wakafa. Nyaya zile zilikuwa za volti 33,000. Mwezi wa Agosti mwaka huohuo, karibu na Ljubljana nchini Slovenia, puto lenye watu 32 lilikutwa na dhoruba, likapigwa chini, likashika moto, na 6 wakafa. Luxor, Misri, tarehe 26 Februari 2013, puto lilikuwa limekwisha kufika chini na watu wanazishika kamba zake. Mpira wa gesi ukavuja, moto ukawaka, rubani akaruka. Puto lilipopungukiwa na uzito likapanda tena na abiria wake likaanguka: wafu 19 kati ya watu 21. Lockhart, Texas, tarehe 30 Julai 2016, rubani alipaa ilhali mawingu ya chini na ukungu vilikuwa vimetangazwa, akashuka bila ya kuona vyema, akagonga nyaya za umeme wa nguvu kubwa. Wote 16 wakafa.

Katika nne hizo, tatu zilitokea puto likiwa linatua au linatafuta kutua, na ya nne ilitokana na dhoruba iliyolilazimisha kushuka. Wala nchi hizo si maskini wa vyombo vya kupimia hali ya hewa. Yule wa Texas alikuwa na ripoti ya hali ya hewa, bali hakuitii. Mara nyingine upungufu haumo katika kujua bali katika kuona haya kuwarudisha wateja waliokwisha kulipa. Mimi nimekaa ofisini miaka ya kutosha kujua jinsi mteja aliyekwisha kulipa anavyolainisha kanuni.

Hapo sasa nigeukie kwetu, na nianze na jambo ambalo kila Mpemba amelisikia kwa bibi yake ingawa pengine hajui mwaka wake. Tarehe 15 Aprili 1872, miaka kumi kamili tangu meli ya Verne itie nanga katika riwaya, Unguja ilipigwa na tufani. Majahazi na meli zilizokuwa bandarini zilitupwa pwani na kuvunjwa, nyumba zikaezuliwa mapaa, na yapata theluthi mbili ya mikarafuu na minazi ya Unguja ikang'olewa. Sayyid Barghash alikuwa amekalia kiti miaka miwili tu. Pemba, kilomita 50 tu kaskazini yake, ilisalimika kwa sehemu kubwa. Mkarafuu mchanga huchukua miaka sita au zaidi kuzaa, bei ikapanda, na kisiwa chetu kilichokuwa kikijulikana zaidi kwa mpunga kikawa ndicho kisiwa cha karafuu, mpaka leo. Si neema tupu iliyotushukia. Mashamba hayo mapya yalilimwa kwa jasho la watumwa, nao hawakupata uhuru kisheria mpaka mwaka 1897. Lakini sura ya Pemba tuijuayo, vilima vilivyofunikwa mikarafuu kutoka Mkoani mpaka Konde, imechorwa na upepo wa siku moja ambao haukufika kwetu.

Wapo wanaosema kwamba tufani hazifiki Pemba kwa sababu tu karibu na mstari wa ikweta. Ni kweli kwamba dhoruba hizo huhitaji mzunguko wa dunia ziweze kujisokota, na nguvu hiyo ni hafifu karibu na ikweta. Pemba iko yapata digrii 5 kusini, Unguja digrii 6. Digrii moja si ukuta. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipotoa tahadhari, boti baina ya Dar es Salaam na Unguja zilisimama. Hata hivyo si tufani ninayoihofia kwa puto la mwenzetu, maana tufani hutangazwa siku kabla. Ninachohofia ni kile kiwingu cheusi cha vuli kinachotokea upande wa bahari saa moja asubuhi, ambacho hutanguliza upepo wa baridi mbele ya mvua yake. Mwenye kuanika karafuu anakijua. Akiusikia upepo huo tu anapiga ukelele, na nyumba nzima inatoka mbio kukunja majamvi. Ana dakika chache za kuokoa karafuu. Rubani wa puto angekuwa na dakika hizohizo za kutafuta pa kushukia.

Na angeshukia wapi? Nimelitafakari swali hili juu ya ramani, penseli na rula mkononi, kama tulivyofundishwa darasani. Kisiwa chetu kina urefu wa kilomita 67 na upana wa kilomita 23 pale kilipo kipana. Upepo wa kilomita 20 kwa saa unalivusha puto kutoka ufuko wa mashariki mpaka wa magharibi kwa saa moja na kidogo, na hakuna atakayepaa kutoka ukingoni kabisa. Kwa kaskazi, mwenye kupaa karibu na Chake Chake anasukumwa kusini magharibi, juu ya mikoko na visiwa vidogo, kisha kwenye mkondo wa Pemba ambao kina chake ni mamia ya mita. Kwa kusi anapelekwa kaskazini magharibi, kuelekea pwani ya Tanga na mpaka wa Kenya, na mbele yake pana maji ya zaidi ya kilomita 50. Upepo ukitoka kusini moja kwa moja atapita Ras Kigomasha na kuingia bahari kuu.

Katikati ya kisiwa kwenyewe, penye kilima pana mkarafuu na penye bonde pana mpunga ndani ya maji. Nyumba hazikuachana. Na tangu mwaka 2010, tulipoletewa umeme kutoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari, jambo ambalo sote tuliliomba na sote tunalishukuru, nyaya zimepita kila upande. Waya ule wa Tanga ni wa volti 33,000, sawa na zile za Carterton.

Bahari nayo si mahali pa kutua. Smith alikuwa na gesi ya kumfikisha ng'ambo. Puto la hewa ya moto likishuka majini, kikapu hulala ubavu, na kitambaa kikubwa kilicholowa huwafunika waliomo kama jarife. Nimemkumbuka Msweden Andrée, aliyepaa na wenzake wawili mwezi wa Julai 1897 kwenda Ncha ya Kaskazini. Walitua juu ya barafu wakiwa hai wote watatu. Kutua si ndiko kulikowaua, bali kutua mahali ambapo hapana mtu, na miili yao haikuonekana mpaka mwaka 1930. Wale wa riwaya ya Verne waliwakuta askari mtoni kwa sababu mwandishi aliwaweka. Nani atawekwa katika mkondo wa Pemba saa moja asubuhi, na chombo gani, na nani atakilipia mafuta kila siku? Kisiwa kilichozika watu wake wa Spice Islander mwaka 2011 hakihitaji kuelezwa maana ya kungojea chombo cha uokozi.

Mwenzetu alipomaliza kuisoma karatasi hii alikaa kimya, kisha akaniambia kwamba nimeandika kama karani anayekataa kutia saini. Nilicheka, maana ndivyo nilivyo. Tulizungumza mpaka magharibi barazani kwake. Aliuliza juu ya puto linalofungwa kamba, ambalo hupanda na kushuka pale pale bila ya kwenda popote. Hilo sikulipinga. Abiria wanaona karafuu, wanaona bahari, na wanarudi pale walipopandia. Nalo lina mpaka wake, kwa kuwa upepo ukizidi kamba huligeuza tiara, na yeye katika watu wote anajua tiara hufanya nini upepo unapozidi. Alikubali. Kisha akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake mfukoni: katika mwaka mzima, ni asubuhi ngapi ambazo upepo wa Pemba juu ya kilima, baina ya saa kumi na mbili na saa mbili, hauzidi kilomita 18?

Uwanja wa ndege wa Karume hupima upepo kwa ajili ya ndege, lakini uwanja ni uwanja na kilima ni kilima. Kwa hivyo tumekubaliana kwamba ataahirisha maombi yake mwaka mmoja. Katika muda huo tunataka kuinunulia skuli yetu kipima upepo na kukisimamisha mlingotini nyuma ya maabara, na wanafunzi wa jiografia wawe wanaandika kasi na upande wa upepo kila siku mara tatu katika daftari moja lisilobadilishwa. Mwenzetu ameahidi kutoa nusu ya bei, pamoja na mlingoti. Mhazini wetu anapokea iliyobaki, na wenye uzoefu wa vyombo hivyo, khasa waliofanya kazi viwanja vya ndege au bandarini, tunawaomba waje mapema siku ya mkutano wa mwaka huu, kabla ya pilau, watuoneshe namna ya kukifunga.